Umeinua pikapu? Pimisha magurudumu kabla ya kurudi barabarani

Wenye pikapu wengi huziinua ili zivuke mito ya mchanga na barabara za vumbi za Mulala na Nguu bila kugonga chini. Lakini pikapu hiyo hiyo huingia Barabara Kuu ya Mombasa pale Emali ikiwa imebeba maembe, ndengu au mbuzi, na kukimbia kati ya matrela. Hapo tairi lililoliwa au kukatwa ubavuni linaweza kupasuka na kugharimu maisha.

Kinachobadilika

Mbele huinuliwa kwa kukaza toshenibaa au kuweka spesa juu ya springi. Nyuma kwa kuongeza vyuma vya springi au bloku. Mbele ikipanda, mikono inayoshika magurudumu huinama pamoja na tairodi. Magurudumu huacha kutazama mbele sawasawa na hulala upande. Tairi huliwa upande mmoja na usukani huvuta. Ukiinua nyuma peke yake, pua ya gari hushuka, usukani huwa mwepesi mno na gari huyumba.

Kwa nini tairi husugua

Wengi wakishainua gari huweka tairi kubwa zaidi. Tairi la 205 R16 lina kimo cha sentimita 74 hivi. La 265/75 R16 lina 80. Ekseli hupanda sentimita 3 tu, lakini tairi huwa pana zaidi kwa sentimita 6. Usukani ukikatwa hadi mwisho, tairi linaweza kugusa madigadi, chesi au paipu ya breki. Mwendo pia hubadilika: ikiwa kipimo kilikuwa sahihi na tairi la zamani, kikionyesha 80 sasa unakwenda karibu 87.

Jaribu hivi

Paka chaki kwenye kingo na ubavu wa ndani wa tairi za mbele. Kata usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, ukienda mbele na nyuma polepole. Rudia gari likiwa na mzigo, ukipita kwenye tuta, kwa kuwa springi hushuka zikibeba. Chaki ikifutika, tairi linasugua. Hakikisha pia paipu za breki hazijavutika.

Wenye magari wanashauriwa:

1. Kupimisha alaimenti mara tu baada ya kuinua gari, na tena baada ya wiki chache, springi zikishatulia.
2. Kumwomba fundi karatasi ya vipimo kabla ya kulipa. Vipimo visiporudi mahali pake, gari lishushwe kidogo.
3. Kurudia kukaza yuboliti za springi baada ya safari za kwanza.
4. Kutokata chesi wala kuweka bloku kwenye springi za mbele.
5. Kurekebisha taa, zisiwapofushe madereva wengine.

Sheria ya Trafiki, Sura 403, kifungu cha 55, inataka gari na sehemu zake zote, tairi zikiwemo, ziwe katika hali isiyohatarisha walio ndani yake wala watumiaji wengine wa barabara. Pikapu za biashara pia hukaguliwa na NTSA kila mwaka, lakini usingoje siku hiyo. Malipo ya alaimenti ni madogo kuliko bei ya tairi moja jipya.