Kilo 50 za urea na kilo 50 za S.A. si sawa

Jioni moja darasani kwetu ulizuka ubishi. Mama mmoja alisema amenunua mfuko wa mbolea ya S.A. kwa kuwa bei yake ni nafuu kuliko urea. "Kilo hamsini ni kilo hamsini tu," alisema. Jirani yake akamjibu, "Basi mbona majani ya mahindi yako ni manjano?" Watu wakacheka. Mama yule hakucheka, maana mfuko ule aliununua kwa fedha zote za karanga zake. Tukaona afadhali tuipime mifuko hiyo kwa hesabu.

Mahindi yanapokuzia tunayapa naitrojeni, ili majani yawe ya kijani. Lakini mfukoni naitrojeni haikai peke yake, imeshikana na vitu vingine. Wataalamu huandika mshikamano huo kwa herufi na namba. Maandishi hayo huitwa fomula.

Fomula ya urea ni CO(NH₂)₂. Tusiogope! C ni kaboni, O oksijeni, N naitrojeni na H haidrojeni. Ile 2 iliyo nje ya mabano inasema vya ndani vihesabiwe mara mbili. Basi fungu moja la urea lina C 1, O 1, N 2 na H 4.

Kila kimoja kina uzito wake. Huo si uzito wa kilo, ni wa kulinganisha tu: H ni 1, C 12, N 14, O 16, na salfa, yaani S, ni 32. Tujumlishe urea: 12 + 16 + 28 + 4 = 60.

S.A. ni (NH₄)₂SO₄. Hapa N 2 ni 28, H 8 ni 8, S ni 32, O 4 ni 64. Jumla 132.

Umeona? Kila fungu lina N mbili tu, lakini la S.A. limebeba mzigo mkubwa zaidi.

Mafungu haya ni madogo mno, hayahesabiki moja moja. Wakemia huyahesabu kwa moli, kama sisi tunavyohesabu kwa dazani. Moli moja ni 602 ikifuatwa na sifuri 21! Moli ya urea ni gramu 60, ya S.A. ni gramu 132. Dazani ya mayai na dazani ya maboga zote ni 12, lakini jaribu kuzibeba kichwani.

Sasa mfuko wa kilo 50. Urea ina naitrojeni kama kilo 23. S.A. ina kilo 10 na nusu tu. Tuseme, kwa mfano tu, urea ni shilingi 69,000 na S.A. 42,000. Kilo moja ya naitrojeni katika urea ni shilingi 3,000, katika S.A. ni 4,000. Ule unafuu uko wapi?

Mama akauliza, "Kwa hiyo S.A. haifai?" La, inafaa. Ile salfa nayo ni chakula cha mmea, na yako mashamba yanayoihitaji. Na urea ina taabu yake: ukiiacha juu ya udongo, naitrojeni nyingine hupotea hewani. Ifukie.

Dukani soma namba tatu zilizo kwenye mfuko. Urea ni 46-0-0, S.A. ni 21-0-0. Ya kwanza ndiyo naitrojeni, kilo ngapi katika kila kilo 100.