Shingo ya mtoto ikipinda, usingoje

Je, mzazi, umewahi kumtazama mtoto wako mchanga akiwa amelala chali ukaona kichwa kimeinamia upande mmoja daima, mithili ya mtu anayetega sikio? Ukikinyoosha, kinarudi kule kule. Titi moja hulinyonya vizuri, la pili hulilia. Majirani nao hawatakosa la kusema: huyu atadai umemlaza vibaya, yule atakuelekeza kwa nyanya anayekanda watoto.

Huenda kisa ni msuli tu. Kila upande wa shingo una msuli unaotoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga na mfupa wa kidari. Baadhi ya watoto huzaliwa msuli mmoja ukiwa mfupi na mgumu, hasa waliobanwa tumboni au waliotanguliza makalio. Ukiwa ni wa kulia, kichwa huinamia kulia na kidevu huelekea kushoto. Katika majuma ya kwanza unaweza hata kupapasa kivimbe hapo shingoni. Daktari akithibitisha kuwa ni cha msuli huo, usitishike. Si saratani, na huyeyuka chenyewe baada ya miezi michache.

Lakini kivimbe kuyeyuka si shingo kupona. Msuli waweza kubaki mfupi, kichwa kikabapa upande mmoja na uso ukakua kombo.

Tiba yenyewe haina hata kidonge. Mtaalamu wa viungo hukufundisha kuinyoosha shingo polepole, mara kadhaa kwa siku. Nyumbani, msemeshe mtoto kutoka upande asiopenda kugeukia. Mlaze kifudifudi akiwa macho, nawe ukimtazama. Akilala usingizi, awe chali. Wengi wanaoanza kabla ya miezi 3 hupona bila kisu. Anayefikishwa akiwa amepita mwaka 1 huenda akahitaji upasuaji wa kuurefusha msuli.

Kliniki ya chanjo unaijua: majuma 6, 10 na 14. Mwonyeshe muuguzi shingo hiyo, na uombe nyonga zipimwe pia, kwani baadhi ya watoto hawa nyonga zao hazikukaa sawa. Kama siku hizo zimepita, nenda tu. Nyanya wa kukanda naye, kwa heshima zake zote, asiivute shingo hiyo.

Mtoto mkubwa ambaye shingo yake imepinda ghafla, hasa akiwa na homa, akishindwa kumeza mate au baada ya kuanguka, huyo ana jambo jingine kabisa. Usimnyooshe, mkimbize hospitalini siku hiyo hiyo.