Kompresa Haijadedi Bado

Discovery 3 nyeusi, rimu safi, tinti fiti, lakini mangware imelala hadi fenda zinakaribia kumeza tairi. Mwenyewe anatoka na kikombe ya chai, anaiwasha, anangoja. Ikiinuka, siku iko sawa. Ikikataa, taa ya rangi ya machungwa inawaka kwa dashibodi, na hapo ndio anaelewa mbona ndinga ya wadosi ilimfikia kwa bei ya msee wa kawaida.

Hizi ndai zimezeeka, manze. Discovery 3 ilitoka 2004. Mtoi aliyezaliwa hiyo mwaka saa hii ako na leseni. Benzi za S-Class zenye Airmatic zilianza 1998. Zote zinakalia mabegi ya mpira yaliyojaa hewa badala ya springi za chuma, na hiyo hewa yote inatoka kwa kompresa moja. Kwa Disco imefichwa chini ya gari, pale maji na matope hufika bila kualikwa. Ikianza kuchoka, fundi anachomeka mashine ya kuskani, anasoma, anatingisha kichwa: "Buda, hii imeisha. Tafuta ingine."

Hapo ndio wasee huingia boksi. Mashine imesema tu presha haijafika kwa wakati. Haijasema nani ameikula.

Fungua hiyo kompresa uone. Ndani kuna mota ya umeme, pistoni, silinda, na mkebe wa kukausha hewa. Pistoni imevaa ringi nyeusi ya plastiki ngumu, familia ya tefloni, na hiyo ndio hulika. Shika ile ya zamani: ukingo umekonda, na kwa silinda kuna vumbi nyeusi inabaki kwa kidole. Mota inazunguka, kelele iko, lakini hewa inapenya kando ya pistoni badala ya kusukumwa. Ringi mpya huuzwa kwa seti ya kurepea pamoja na oringi zake, na seti poa huja na silinda pia. Fundi akitaka kupaka grisi kwa silinda ati iteleze, mpokonye mkebe. Hiyo pistoni iliundwa ifanye kazi ikiwa kavu. Grisi itashikana na vumbi, ngori ianze upya.

Sasa cheki mkebe wa kukausha. Umejaa punje ndogo zinazonyonya unyevu hewa ikielekea kwa mabegi. Gari ikishuka, hewa ileile iliyokaushwa inapitia hapo ikirudi, inabeba unyevu, inautoa nje. Punje zinajikausha zenyewe, mpango safi kabisa. Lakini begi ikipata nyufa, hewa inatorokea huko na hairudi kwa mkebe. Punje zinabaki zimelowa, zinasagika zinakuwa unga, na unga unasafiri hadi kwa valvu, unaziziba. Ndio maana mimi husema kompresa nyingi huuliwa na begi. Ilikuwa inakimbia usiku na mchana kujaza kitu inavuja. Ukiweka mpya bila kugusa hiyo begi, umenunua maiti ya kesho.

Kwa hivyo kabla ulipe mtu yeyote, inua gari, chukua maji ya sabuni, nyunyizia begi zote nne na pale paipu zinaingia. Povu ikifura, umepata mwizi. Disco iko na ujanja wake hapa: hata ukiizima, kompyuta huamka usiku na kushusha kona zingine zilingane na ile imelala, so mangware yote iko chini na hujui nani alianza. Ng'oa fyuzi ya mfumo wa hewa kabla ulale, kona mbaya itajianika yenyewe. Na usiwahi ingia chini ya hii gari ikiwa imeshikwa na hewa ama jaki pekee. Weka stendi. Hiyo ni karibu tani mbili na nusu, na haipigi honi kabla ishuke.

Spea ziko Kirinyaga Road, ile wasee bado huita Grogan, mahali utani wa Nairobi husema unaweza kuuziwa saidi mira yako mwenyewe. Enda na ringi ya zamani mkononi, juu kompresa ya Hitachi na ya AMK hazibadilishani ringi, hata kama zote zimetoka kwa Land Rover. Ongeza rileyi mpya ya kompresa, hata kama ya zamani inakaa fiti. Rileyi ikishikana, kompresa haizimi hadi iungue, na jasho yako yote imeenda.

Kuna siku kurepea ni kujidanganya tu. Ukipata maji yameingia kwa mota, ama silinda imekwaruzika na seti yako haina ingine, toa ganji. Lakini toa ya mpya. Ile ya kung'olewa kwa gari ingine imebeba dhambi za hiyo gari, na ringi yake imelika kama yako tu.

Kuna mbogi huchoka, wakang'oa hewa yote, wakaweka springi za chuma. Siwahukumu, msoto ni msoto. Lakini sielewagi unanunua Disco, halafu unaipokonya ile kitu ilikuwa inakupitisha mawe ya Magadi bila kukutingisha figo. Na bado utatafuta msee wa kompyuta aiambie gari iache kusaka mabegi, la sivyo italalamika kila ukiiwasha.