Manyoya ya mbegu za pamba: Malighafi inayoishia kwenye mashudu

PAMBA inapochambuliwa, nyuzi ndefu hufungwa katika marobota na kupelekwa kusokotwa. Mbegu inayobaki huwa imefunikwa na manyoya mafupi meupe, ambayo viwandani huitwa linta.

Linta ina urefu wa milimita chache tu, hivyo haifai kusokotwa kuwa uzi wa nguo. Hata hivyo, ikichemshwa katika kostiki soda na kupaushwa, karibu yote hubaki kuwa selulosi. Kutokana nayo hupatikana pamba ya hospitali, karatasi ya noti, plastiki za fremu za miwani na nitroselulosi, ambayo huingia katika rangi za kucha na baruti isiyo na moshi.

Mkoani Iringa, kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilijengwa kutegemea miti ya paini. Selulosi katika mti haifiki hata nusu ya uzito wake, na kazi kubwa ni kuondoa lignini, yaani gundi inayoshikamanisha nyuzi. Linta haina mzigo huo, lakini paini iko jirani na pamba iko mbali.

Umbali huo una historia. Kwa miongo mingi Serikali ilizuia kilimo cha pamba katika maeneo ya kusini, Mbeya ikiwamo, ili funza mwekundu wa vitumba, anayeshambulia pamba katika nchi jirani za Malawi, Zambia na Msumbiji, asisambae hadi mashamba ya Kanda ya Ziwa.

Huko Kanda ya Ziwa, manyoya hayo humgusa mkulima moja kwa moja. Mbegu zenye manyoya hushikamana na ni vigumu kupandwa kwa mashine. Zikisafishwa kwa asidi hutengana, mbovu huelea majini na kuondolewa, na bakteria walio juu ya ganda hupungua. Lakini asidi huiharibu linta.

Kwa mbegu za kukamuliwa mafuta, njia inayofaa ni mashine ya misumeno, ambayo hunyoa linta bila kuiharibu. Mbegu zisiponyolewa, manyoya hufyonza sehemu ya mafuta, kisha huishia kwenye mashudu ya ng'ombe. Hapo hasara huwa mara mbili: mafuta hupungua, na linta iliyokuwa na soko lake huliwa na mifugo.