Printa Imo Nyumbani, Hati Zachapishwa Dukani

Katika nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu siku hizi mna printa ndogo isiyotumia waya. Tangu mtaala wa umilisi uingie madarasani, mtoto hurudi jioni akitakiwa kupeleka picha za wanyama au mimea kesho yake, na wazazi wakaona afadhali mashine iwe ndani kuliko mama kutoka baada ya Magharibi kutafuta saiba iliyo wazi. Wiki ya kwanza huchapisha vyema. Kisha stima hupotea usiku mmoja, hurudi, na tangu hapo kompyuta hushikilia kwamba printa haipatikani, hali taa yake yawaka pale pale mezani. Hubonyezwa, huzimwa, huwashwa. Baba humlaumu mtoto, mtoto humlaumu mdogo wake, na mwishowe mama huvaa buibui akaelekea dukani.

Safari hiyo ya dukani ndiyo inayotushughulisha, maana hazipelekwi picha za twiga peke yake. Hupelekwa vitambulisho, majibu ya hospitali, cheti cha ndoa, hati ya talaka kutoka kwa Kadhi, picha za pasipoti za mabinti zetu. Hutumwa kwa simu ya mwenye duka, na zikishachapishwa husalia humo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, lakini sheria haiingii yenyewe ndani ya kompyuta ya saiba ikafuta faili. Sitara ya nyumba huachwa kaunta kwa shilingi chache.

Basi tuitazame printa, kwani aghalabu haina ugonjwa wowote. Ruta, yaani kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, hukipa kila chombo anwani ya tarakimu, na kwa kawaida anwani hiyo ni ya kuazimwa tu. Stima ikikatika na kurudi, vyombo huomba anwani upya, na pengine simu ya mtu ikapewa ile iliyokuwa ya printa. Kompyuta nayo hubisha hodi katika nyumba ya zamani, wala hapana wa kuitikia. Dawa ni kuingia katika mipangilio ya ruta (anwani na neno la siri mara nyingi vimebandikwa chini yake), kuitafuta printa katika orodha ya vyombo, na kuihifadhia anwani moja ya kudumu. Kisha printa iondolewe katika kompyuta na kuongezwa upya. Binti wa sekondari aiweza kazi hii, nasi tungependa apewe yeye kabla ya kuitwa fundi.

Kizuizi kingine ni waifai ya wageni. Ruta nyingi zina mtandao wa pili kwa ajili yao, nao umejengwa mfano wa daka la nyumba za kale za Lamu: mgeni hupokewa, huketi, hupata haja yake, lakini haoni yaliyomo ndani. Simu iliyounganishwa huko kwa kawaida haitaiona printa hata ikiwekwa juu yake. Ni mpango mzuri, twausifu. Ila watu wa nyumbani wasiketi dakani. Tena, printa nyingi za bei nafuu hushika masafa ya gigahazi 2.4 tu, si 5, basi wakati wa kuiunganisha lichaguliwe hilo la kwanza.

Hati iliyokwama juzi nayo huzifungia njia za leo. Ifutwe kwenye foleni, au kompyuta izimwe na kuwashwa. Kubonyeza mara saba ni hasara: printa ikizinduka hutoa nakala saba, na wino si maji ya kisima. Wino wenyewe hukauka usipotumiwa, hivyo ukurasa mmoja wa rangi kila wiki hausumbui. Karatasi zikae ndani ya bahasha yake, kwani unyevu wa pwani yetu huzikunja na kuzigandanisha.

Na ikibidi kwenda dukani kwa hati ya siri, ichukuliwe kwa flashi badala ya kutumwa kwa simu ya mwenye duka. Mwenye hati asimame pale hadi nakala iliyobaki ifutwe, pamoja na ile iliyomo kwenye kapu la taka la kompyuta. Flashi ikirudi nyumbani, ikaguliwe virusi kwanza.