Sindano iliyotupwa: ikifukiwa Kyela, hurudi na maji

Mvua ya Kyela inazidi milimita 2000 kwa mwaka. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote inashuka kwenye tambarare ileile ya mpunga kabla ya kuingia Ziwa Nyasa. Ukichimba shimo la choo maeneo ya chini, mara nyingi unakutana na maji kabla hujafika mbali.

Sasa fikiria shimo kama hilo limetupiwa sindano. Mafuriko yakija, kilichofukiwa kinafukuliwa. Bomba la plastiki ni jepesi, linaelea na sindano yake mdomoni. Maji yakikauka linabaki jarubani, ambako watu hupita pekupeku. Watoto nao wakiliokota, kwao hiyo ni bunduki ya maji!

Je, hatari ni kubwa kiasi gani? Ukichomwa na sindano yenye damu mbichi ya mtu mwenye homa ya ini aina ya B, na hukuchanjwa, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufikia mmoja kati ya watatu. Kwa homa ya ini C ni kama mmoja kati ya 30, na kwa virusi vya UKIMWI kama mmoja kati ya 300. Tunaogopa UKIMWI peke yake, kumbe virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi siku 7 katika damu iliyokauka. Watoto wa Tanzania wanachanjwa ugonjwa huo tangu 2002, hivyo wengi wenu mna kinga. Mama anayepalilia mpunga huenda hana.

Wengine husema, "Si naichemsha tu?" Hapana. Zamani mabomba ya kioo yalitakaswa kwa mvuke wenye mgandamizo, nyuzi 121 kwa dakika 20. Sufuria ya nyumbani haifiki huko. Kando ya Ziwa Nyasa, karibu mita 475 juu ya bahari, maji huchemka hata kabla ya nyuzi 100, na mbegu za vijidudu vya pepopunda huvumilia joto hilo. Tena tundu la sindano ni jembamba mno, damu iliyogandia ndani huioni. Ndiyo maana mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA walitaka chanjo zote, ifikapo mwisho wa 2003, zitolewe kwa mabomba yanayojifunga yenyewe baada ya kutumika mara moja.

Kwenye kituo cha afya, sindano ikishatumika hairudishiwi kifuniko, maana hapo ndipo wauguzi wengi huchomwa. Inaingia moja kwa moja kwenye boksi gumu la usalama. Boksi la lita 5 huchukua mabomba kama 100, na hufungwa likijaa robo tatu. Kisha ni tanuri la nyuzi zaidi ya 800. Moto wa nyuma ya nyumba huyeyusha plastiki tu, sindano inabaki kwenye majivu, kali vilevile. Mabaki ya tanuri huenda kwenye shimo lililojengewa na kufunikwa, ambalo kitako chake kiko angalau mita 2 juu ya maji ya ardhini. Kwa Kyela hiyo maana yake ni kutafuta mwinuko, na mimi naona wanakijiji wana haki ya kuuliza shimo la zahanati yao liko wapi.

Nyumbani je? Bibi anayejichoma insulini atumie dumu gumu lenye kifuniko, mlipeleke kituoni. Chooni, hapana.

Ukiona sindano njiani usiishike kwa mkono. Mwite mtu mzima aje na koleo na dumu.

Na ukichomwa? Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue, usinyonye, usipake jiki. Nenda hospitali siku hiyohiyo, uulizie pia sindano ya pepopunda. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI humezwa siku 28, lakini lazima zianzwe ndani ya saa 72. Ukichomwa Ijumaa jioni, Jumatatu jioni muda umekwisha, kwa hiyo usingoje wikiendi ipite. Wagonjwa wa dharura hupokelewa hata Jumapili.