Aliyefurahi na Afurahishaye

Wazazi wenzangu,

Mwezi uliopita mama mmoja wa Jeddah alinisomea kwa simu barua ya bintiye, aliyeitwa kwenye usaili na chuo kimoja. Ilianza hivi: "I am delightful to receive your letter." Nikamwomba asiitume kwanza.

Binti alikusudia kusema kuwa amefurahi. Alichokiandika ni kwamba yeye ni mtu wa kupendeza, awafurahishaye wengine. Neno alilolihitaji ni "delighted", yaani mwenye kujawa na furaha. "Delightful" ni sifa ya kile kiletacho furaha: bustani, hadithi, au mgeni mcheshi. Anayejipa sifa hiyo mwenyewe huchekwa.

Asili ya neno ni Kilatini, "delectare", likapitia Kifaransa cha kale. Herufi "gh" zilichomekwa katika karne ya 16 kwa kuiga "light", yaani nuru, ingawa maneno hayo hayana udugu. Hazitamkwi. Penye kitendo, "delighted" hufuatwa na "to". Penye kitu, aghalabu "with", kama katika "delighted with the gift". Nalo lina uzito kupita "happy", hivyo waandishi makini hawalitangulizii "very", kama sisi tusivyosema "furaha tele sana".

Nilimwuliza binti: "Nimefurahi" na "ninafurahisha" vina tofauti gani? Alijibu papo hapo, akacheka, akaliona kosa lake mwenyewe. Mdogo wake, aliyezaliwa huku na kukatazwa Kiswahili nyumbani ili Kiingereza kimkae, alinyamaza.

Hapo ndipo penye neno langu. Kiswahili hakimzuii mtoto kujua Kiingereza; humpa mizani ya kukipimia. Silabi moja, "-sha", inamtenga anayeipata furaha na anayeitoa. Hata Kiarabu, kilichotupa neno "furaha" na tunachokisikia kila siku Batha hapa Riyadh na Balad kule Jeddah, hutenga "farhan" na "mufrih". Mtoto aliyeishika tofauti hiyo kwa lugha ya mamaye ataitambua akiikuta kwingine.

Barua imekwenda, limebadilishwa neno moja tu. Jioni ya leo, waulizeni wanenu swali hilo hilo. Akinyamaza mmoja wao, msimkemee; anzeni kuzungumza naye Kiswahili.